Kishikakidole cha Ma Philo

Binamu yangu Natia Valmond alikufa mara tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa miaka kumi na tisa. Jumapili alipumzika, kwa sababu siku hiyo ngome hufungwa.

Sisemi kwa mafumbo. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni katika hifadhi ya Rasi ya Balata, na ndani ya ziara kulikuwa na sentensi moja ambayo ilikuwa lazima isemwe, chini kwenye ghala la baruti, baada ya mlango wa chuma kufungwa na kufunguliwa tena. Sentensi yenyewe hii hapa: "Na huo ndio ulikuwa mwisho wa Wakaribi, hakubaki hata mmoja." Wakaribi ndio sisi. Ni jina tulilopewa na wenye mizinga. Sisi wenyewe ni Wakalinago, wenyeji wa kwanza wa visiwa hivi vya Karibi, na Natia ni Mkalinago tangu utosini hadi unyayoni, baba wa Sineku, kijiji chetu cha upande wa mashariki, na mama wa Sineku. Nywele zake za singa zinafika kiunoni, na macho yake ni yaleyale ya bibi yetu. Basi alisimama mbele ya watu ishirini, amevaa sare ya kijani, akawaambia kwamba yeye hayupo.

Najua kwa sababu meza yangu ya mikate ya muhogo iko getini, hatua chache kutoka kwenye ngazi za ghala hilo, na sauti ya Natia ilikuwa ikinifikia kila siku nikigeuza mkate kwenye chuma. Naitwa Clemencia. Wanaonijua husema nina mdomo. Ni kweli, na laiti Natia angekuwa na nusu yake.

Tulikua pamoja, nyumba kwa nyumba. Mama yake, Ma Philo, hana mpinzani Sineku nzima kwa kusuka. Anasuka vikapu, mikeka, na kofia ambazo mvua haipenyi, yote kwa larouma, matete yetu yanayozikwa kwenye tope mpaka yageuke meusi. Lakini sisi watoto tulichokijua zaidi ni kitu kidogo alichokisuka kwa mabaki: kishikakidole. Ni mrija mwembamba, upande mmoja uko wazi na upande wa pili una kitanzi. Mtu anatia kidole, mwingine anashika kitanzi. Ukivuta, mrija unakaza. Ukizidi kuvuta, nao unazidi. Ukitaka kutoka huvuti. Unasukuma kidole ndani, unalegea wenyewe. Zamani kijana alimwongoza mchumba wake kwenda dansini kwa kitu hicho, na watu wakacheka. Ma Philo aliwaongozea watoto wake kwenda misa.

Wengine tuliachwa tukatembea huru. Natia hakuachwa, maana alikuwa mtoro. Ukimwacha kidogo yuko mtoni. Siku ya kwanza alipotiwa kishikakidole alilia njia nzima, akavuta mpaka kidole kikavimba. Ma Philo hakugeuka nyuma. Alisema tu, "Mjinga huvuta. Mwerevu husukuma." Kufikia Krismasi Natia alikuwa ameshajua siri, na mama yake akifika mlangoni mwa kanisa alijikuta anaongoza mrija mtupu. Hata padri alicheka.

Alipofika miaka ishirini na mitatu alimpenda dereva wa upande huu wa magharibi, Curtis, mwanamume mwenye meno mazuri na maneno mengi. Kwetu mwanamume akileta mke wa nje, anajenga, maisha yanaendelea. Mwanamke akimpenda mtu wa nje, watu humwambia amfuate. Ni desturi ya zamani na vijana wa leo wanaipigia kelele, lakini wakati huo nani angebishana? Natia alifunga mzigo. Ma Philo akamwambia mlangoni kwamba kuna kazi ya vikapu vya Pasaka, angoje basi mpaka Pasaka ipite. Natia akajibu, "Mimi sitaki kuozea hapa na vikapu vyako."

Nilikuwepo. Nilitamani niyaokote yale maneno nimrudishie kinywani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Curtis alikaa naye miaka minne, kisha akaenda Guadeloupe kukata migomba kwa msimu mmoja. Nadhani bado anakata. Natia akapata kazi hifadhini: sare, beji ya shaba, na nyumba ya mawe nyuma ya ngome, ile waliyokaa maofisa wa mfalme, yenye baraza inayotazama bahari. Nyumba inakwenda na beji. Ukivua beji, unatoa na vyombo vyako. Watu walimwonea wivu, nami nilikuwa mmoja wao. Penye urembo ndipo penye ulimbo.

Maana kurudi nyumbani hakukuwa rahisi tena. Kwanza yale maneno ya mlangoni. Pili, kimbunga kilipopita kilichukua nyumba ya Ma Philo yote, kikaacha ngazi tatu za mbele; mama akahamia chumba kimoja kwa mpwa wake. Natia angerudi wapi, akae kwenye ngazi?

Na kulikuwa na jambo la tatu, baya kuliko yote, nalo alilitengeneza mwenyewe. Katika mwezi wake wa kwanza kazini alimpigia mama yake simu, kutaka amani. Akamwambia, "Mama, kazi yangu ni kuwasimulia watu wa dunia nzima habari zetu." Ma Philo alisamehe palepale. Tangu siku hiyo kila baada ya misa alikuwa na wimbo mmoja: Natia wangu anawaeleza wazungu sisi ni nani. Natia wangu anasema jina letu kwa sauti, ndani ya nyumba yao. Wanawake wengine walikuwa na watoto Kanada na London, lakini kwa Ma Philo wote hao hawakufua dafu.

Njia ya mwongo ni fupi, wasemao husema. Ya Natia ilienda miaka kumi na tisa kwa sababu Ma Philo hakuwahi kuja. Alisema hawezi kukanyaga kwenye nyumba ya mizinga, na sisi tukamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Sasa mtaniuliza, kwa nini hakuiruka tu hiyo sentensi? Muulizeni Hubert. Hubert alikuwa mtembeza wageni kabla yake, mcheshi, akawaambia wageni kwamba Kolumbasi mwenyewe alilala ngomeni na akaondoka bila kutandika kitanda. Ngome imejengwa baada ya Kolumbasi kwa karibu miaka mia tatu. Mgeni mmoja akaandika barua. Hubert sasa anauza nazi, na watembezaji wote wakapewa karatasi: kurasa kumi na moja ndani ya plastiki, kila neno la ziara, pa kusimama na pa kunyamaza. Meneja, Bwana Royer, aliwaambia hata nukta isiachwe. Aliyeiandika alikuwa mtaalamu fulani aliyekaa kisiwani wiki mbili.

Natia alikwenda kwa Bwana Royer kuhusu ile sentensi. Alimwambia, "Bwana, mimi ni nani basi?" Bwana Royer si mtu mbaya, ni mtu wa faili. Akamwambia aandike barua. Akaandika. Baada ya mwaka likaja jibu kwamba maandishi yatapitiwa wakati ufaao. Aliandika mara tatu, na mara tatu wakati haukufaa.

Na kabla ya sentensi kulikuwa na giza. Karatasi inasema ndani ya ghala hilo askari waliwafungia Wakaribi thelathini, wanaume kwa wanawake, wakawaacha siku arobaini. Ili wageni waonje hali hiyo, mtembezaji anafunga mlango wa chuma kwa dakika moja. Ghala halina dirisha. Huoni mkono wako. Natia alihesabu hadi sitini, akafungua, akasema sentensi, na wageni wakapanda ngazi haraka kwenda kupiga picha na mizinga. Wao waliingia gizani mara moja maishani mwao. Yeye aliingia mara tatu kila siku, na aliniambia kwamba miaka yote hiyo hajazoea. Kila akifika arobaini hivi huanza kuamini kwamba mlango hautafunguka.

"Lakini ufunguo si uko shingoni mwako?" nilimwambia.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana inanitisha."

Sikumwelewa. Nilimpa mkate wa moto akala.

Siku moja bibi mmoja mtalii wa meli, mwenye kofia ya njano, alimfuata mpaka kwenye meza yangu. "Samahani dada, wewe umetoka nchi gani? Ufilipino?"

"Hapahapa," Natia akasema.

"Hapa? Lakini umesema hakubaki hata mmoja."

Natia akatazama viatu vyake. Mimi nikamwambia yule bibi, "Mama, sisi ni mizuka. Mikate bado ya moto, chukua miwili." Akachukua miwili. Natia hakucheka. Alikuwa ameanza kusinyaa kidogo kidogo. Alinunua shati dogo zaidi kila mwaka, na nywele zake, ambazo alizipenda sana, akaanza kuzificha ndani ya kofia ya sare.

Basi mwaka jana, mwezi wa Aprili, akaja mezani kwangu asubuhi kabla hata sijawasha moto. Uso ulikuwa wa majivu.

"Wanakuja," akasema.

"Nani? Mkaguzi?"

"Mkaguzi pia."

Nikaweka kuni chini. Mkaguzi nilimjua habari zake: Bi Sylvestre, kutoka ofisi ya mjini, anakuja Jumamosi ya mwisho kuwapima watembezaji wote. Anafuata karatasi kwa kidole. Atakayekosea neno, beji yake haifanywi upya.

"Na nani mwingine?"

"Chama cha akina mama wa kanisa, kutoka kwetu. Basi zima. Bwana Royer amewapangia siku ileile, ziara yangu, eti itapendeza mkaguzi akiona wenyeji. Mama yuko kwenye orodha."

"Ma Philo? Na nyumba ya mizinga?"

"Anasema ana miaka themanini na mitatu, hataki kufa hajanisikia."

Nilikaa juu ya gunia la muhogo.

"Iruke," nikasema.

"Mkaguzi ana karatasi mkononi."

"Jifanye mgonjwa. Tumbo, kichwa, chagua."

"Asiyekuwepo siku hiyo hapewi beji. Bila beji hakuna nyumba. Nitakwenda wapi, Clemencia? Nilale chini ya meza yako?"

"Basi mwambie ukweli kabla hajaja. Mpigie simu leo."

"Nimempigia jana." Natia akaanza kulia bila sauti, kama alivyolia akiwa mtoto. "Nimesema, Mama, kuna jambo kuhusu kazi yangu. Akanikatiza. Amenunua kofia, Clemencia. Ya dukani, ina ua. Mtu anayesuka kofia maisha yake yote amekwenda kununua kofia ili aje anisikilize."

Nilikasirika. Nilimkasirikia Royer, na yule mtaalamu wa wiki mbili, na Curtis na meno yake, na zaidi nilimkasirikia Natia, kwa sababu ile simu ya kwanza ingeweza kuwa ya kweli na isingemgharimu kitu. Lakini nilimshika mkono tu. Ukimkuta mtu kashanaswa, matusi hayamsaidii.

Jumamosi ikafika. Basi lilisikika kabla halijaonekana, maana akina mama wa kwetu hawasafiri bila kuimba. Wakashuka ishirini na mmoja, na vikapu vya chakula: kaa wa kuchemsha, maandazi ya samaki, chupa za chai ya kakao. Ma Eudoxie, jirani wa Ma Philo na mtani wake tangu ubatizo, alinikumbatia akanusa mkate wangu.

"Clemencia, unachoma au unaunguza?"

"Nauza, Ma Eudoxie. Wageni hawajui tofauti."

"Shetani wewe."

Ma Philo alishuka wa mwisho. Mdogo, mkavu, amevaa gauni la bluu na ile kofia yenye ua, mkoba umening'inia mkononi. Aliposhuka alisimama akaitazama ngome kutoka chini hadi juu, kisha akamtazama binti yake aliyesimama chini ya bendera na beji yake. Akaishika ile beji kwa vidole viwili, akaipangusa kwa kiganja.

"Inang'aa," akasema. "Haya, mwanangu. Tuambie sisi ni nani."

Nilimwachia mwenye nazi meza yangu. Ndiyo, Hubert huyohuyo. Nikawafuata. Kama binamu yangu angeaibika, nilitaka niwe karibu.

Ziara ilianza vizuri. Natia alisema mwaka wa kujengwa ngome, unene wa kuta, uzito wa mzinga. Bi Sylvestre alitembea karibu naye, mwanamke mwembamba, kidole juu ya karatasi, akiweka vema kwa penseli. Bwana Royer alikuja nyuma akitabasamu. Ma Philo alikuwa mbele kabisa, mkono nyuma ya sikio kwa sababu hasikii vizuri, na kila baada ya sentensi aliwageukia wenzake kama mtu aliyeipika mwenyewe. "Mnamsikia? Wangu huyo."

Tukashuka ngazi. Ghala ni dogo. Watu ishirini na zaidi wanabanana. Natia akasimama mlangoni, akasema habari za Wakaribi thelathini na siku arobaini. Akina mama waliacha kunong'ona. Habari hiyo kwetu husimuliwa kwa namna nyingine, kwamba mwanamke mmoja mjamzito alitolewa usiku na mpishi, na kwamba nusu ya Sineku ni uzao wake. Karatasi haina mpishi. Ma Philo aliinamisha kichwa akingoja mpishi aje.

Natia akavuta mlango. Giza likaingia.

Nilihesabu naye kimoyomoyo. Kumi. Ishirini. Harufu ya chokaa na jasho na kaa wa Ma Eudoxie. Arobaini. Mtu akaanza Salamu Maria polepole. Sitini.

Mlango haukufunguka.

Sabini. Themanini. Mtu akagusa ukuta, kucha zikakwaruza. Nikasikia ufunguo ukigonga chuma, tiki tiki tiki. Hapo ndipo nilipomwelewa. Mlango ukiwa umefungwa, sentensi ilikuwa bado haijasemwa. Mama yake alikuwa bado na fahari yake, yeye alikuwa bado na nyumba yake. Angeweza kukaa humo akiwa na vyote viwili, mradi pasiwe na mwanga. Lakini nje kulikuwa na kimoja tu kati ya viwili, na ufunguo alikuwa nao yeye, hakuna mwingine wa kulaumiwa.

"Natia," sauti ya Royer ikasema gizani. "Dakika imepita."

"Nani anakanyaga kidole changu kibovu?" Ma Eudoxie akauliza. "Kama ni meneja, atoe mguu."

Mia moja na ishirini. Nikasikia Natia akivuta pumzi. Ufunguo ukazunguka, mwanga ukatupiga machoni. Alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, akitazama juu ya vichwa vyetu kwenye ukuta.

"Na huo ndio ulikuwa mwisho wa Wakaribi," akasema. "Hakubaki hata mmoja."

Penseli ya Bi Sylvestre ikaweka vema.

Ma Philo akasogea hatua moja, mkono sikioni. "Rudia, mwanangu. Sikio langu."

Natia akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, maneno yote. Hakubaki hata mmoja.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Mama."

"Basi leo asubuhi nimekunywa chai nikiwa maiti," Ma Eudoxie akasema, na wawili watatu wakacheka, kisha wakaacha, kwa sababu Ma Philo hakucheka. Alikuwa amegeuka anatutazama sisi mmoja mmoja, nyuso ishirini za Wakalinago zilizobanana ndani ya ghala lile, kana kwamba anatuhesabu. Kisha akamtazama binti yake. Nilingoja tusi. Ma Philo ana ulimi. Mimi nilijifunzia kwake. Nadhani Natia naye alilingoja, na angelipokea kwa shukrani.

Ma Philo alivua ile kofia yenye ua akampa Ma Eudoxie amshikie. Akafungua mkoba wake, akachakura kati ya rozari na peremende, akatoa kishikakidole. Kipya, cha rangi tatu, larouma nyeupe, nyekundu na nyeusi. Baadaye niliambiwa alikuwa amekisuka amletee Natia zawadi, kwa kumbukumbu ya zamani, wacheke.

"Lete kidole," akasema.

Na Natia, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye sare na beji, akanyoosha kidole.

Ma Philo akakitia mrijani, akashika kitanzi, akaanza kupanda ngazi. Natia akamfuata. Akina mama wakawapisha, wakajipanga nyuma yao bila kuambiwa, kama wanavyojipanga kwa komunyo. Hakuna aliyeimba. Nilisikia viatu tu juu ya mawe.

Bwana Royer aliwafikia juu kwa kukimbia. "Natia! Ziara haijaisha. Bado mizinga!" Akamgeukia Bi Sylvestre, akamgeukia tena Natia, jasho linamtoka. "Natia! Ukitoka getini sasa, unajua maana yake. Natia!"

Ma Philo akasimama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama Bwana Royer, bila hasira.

"Bwana," akasema, "karatasi yako inasema hakubaki hata mmoja. Sasa unamwita nani?"

Royer akamgeukia tena Bi Sylvestre. Alitazama karatasi mkononi mwa Bi Sylvestre kana kwamba jibu litakuwemo. Halikuwemo, mimi naijua karatasi ile.

Wakaendelea. Nilikimbia kuwapita, maana Hubert alikuwa anaunguza mkate wangu, harufu imejaa njia nzima. Kwa hiyo walipofika getini nilikuwa mezani, na walipita karibu yangu kiasi cha kuweza kuwagusa. Ma Philo mbele, macho barabarani. Natia nyuma, kofia ya sare imemdondoka sijui wapi, nywele zote mgongoni. Kwa mkono uliokuwa huru alifungua beji na ufunguo, akaviweka mezani kwangu, juu ya unga, bila kusimama.

Nilijua anachokiacha. Ile nyumba ya mawe, ile baraza, kitanda chake. Nilijua na anakokwenda: chumba kimoja cha watu, ngazi tatu zisizo na nyumba, midomo ya Sineku itakayomkumbusha vikapu mpaka azeeke. Kutoka mtegoni hakumfikishi mtu peponi. Nilitaka angalau kidole chake kipumzike. Nilikitazama, kilikuwa kimeiva chekundu, mrija umekibana hasa, na Ma Philo hata hakuwa anavuta. Alikuwa ameshika kitanzi kwa kidole kimoja, kimelegea.

"Natia," nikamwambia, "umesahau? Sukuma ndani, kitakuachia."

"Najua," akasema.

Akazidi kuvuta, kisije kikamwachia.